Nyuso Tulizozikata St Marys

Kilichonipokea kwanza ni harufu. Nilikuwa sijafika hata kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba, na nilivaa barakoa mbili, lakini ilinifikia: harufu ya soksi zilizosahaulika kwenye ndoo, na chini yake utamu wa tunda lililooza. Mpwa wa mwenye nyumba alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani. Hakunikaribia, na sheria za korona zilimpa kisingizio kizuri.

"Ndilo hilo," alisema, akilionyesha sanduku kwa kidevu. "Kesho kutwa gari la kaunsili linapita kuzoa taka kubwa. Usipolibeba leo, linawekwa pale barabarani na lile godoro."

"Kaka, hili ni la shangazi yako."

"Shangazi yangu ana nguo, ana msahafu, ana dawa zake. Vyote nimempelekea kwa mkono wangu. Huo uchafu ni wenu."

Binti yake mdogo alichungulia nyuma ya mguu wake, akamwuliza kwa Kiingereza mimi ni nani. "Mtu wa taka," akamjibu kwa Kiswahili, na mtoto akaridhika.

Nililiinua sanduku. Lilikuwa la plastiki, lenye ufa upande mmoja, na maji ya kahawia yakanimwagikia viatuni. Mende wawili walitoka kwenye ufa wakakimbilia mkononi mwangu. Nimefanya kazi ya kuwahudumia wazee kwa miaka mingi, nimesafisha kila kitu kinachoweza kutoka kwa binadamu, na sijawahi kutapika kazini. Siku ile niliweka sanduku kwenye buti la gari, nikaenda kando ya uzio, nikatapika. Nilipogeuka, mpwa alikuwa bado pale, ananitazama kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua.

Nieleze tulikuwa nani.

Huyo shangazi sisi tulimwita Bi Mkubwa. Ni mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka mingi, Jumamosi moja kila mwezi baada ya kuswali alasiri, alifungua gereji yake ya St Marys kwa watu kama sisi: watu wa Afrika Mashariki wanaowapenda wa jinsia yao, tunaoishi magharibi ya Sydney. Historia ya watu kama sisi huandikwa kule mjini, kwenye mitaa yenye bendera madirishani. Huku kwetu hapakuwa na bendera. Palikuwa na viti vya plastiki, sufuria ya pilau, wauguzi waliotoka zamu, dereva wa lori kutoka Burundi, na wanafunzi waliobadilisha mabasi na treni kutoka chuoni Kensington ili wasikie Kiswahili bila kutukanwa ndani yake. Mwenzake wa maisha, mshonaji kutoka Bukavu, alikaa karibu na mlango kwa sababu alipenda kuwa wa kwanza kumkumbatia anayeingia. Alikuwa na mwanya katikati ya meno ya mbele, na kila alipocheka aliufunika kwa kiganja. Aliona haya, sijui kwa nini, maana ulimpendeza.

Sanduku lile lilikuwa kumbukumbu yetu yote: daftari la vikao, albamu moja nene ya picha, na bango ambalo mshonaji alilishona kwa vipande vya kanga, tukalibeba mjini mara moja tu kwenye maandamano, tukirudi kwa treni tumelikunja kama blanketi ili abiria wasiulize.

Mshonaji alifariki miaka miwili kabla ya korona. Halafu Bi Mkubwa akavunjika nyonga, akapelekwa kwenye makao ya wazee, na mpwa wake akahamia ile nyumba na familia. Sanduku lilitolewa sebuleni likawekwa kibandani, sakafuni. Mvua kubwa zikaja, kijito cha jirani kikafurika, maji yakaingia. Halafu likaja lile fungio refu la korona, amri ya kukaa ndani, na sisi wa magharibi tukafungiwa kuliko wengine wote, askari wanauliza barua za ruhusa barabarani. Mimi nilikuwa na barua ya kazi. Kila Jumatano nilitoka Liverpool, kitongoji ninachoishi huku huku Sydney, kwenda kumwogesha mzee mmoja, mitaa miwili kutoka nyumba ya Bi Mkubwa. Ndiyo maana nilipigiwa simu mimi.

Alinipigia yeye mwenyewe kutoka makaoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mpwa wangu anataka kutupa sanduku. Nenda."

Alinieleza kwamba mama mmoja mstaafu wa maktaba, ambaye sasa kule mjini anakusanya karatasi za watu kama sisi, amemwandikia kuuliza kama kuna chochote kutoka magharibi. "Nimemwambia kipo. Usinifanye mwongo uzeeni." Kisha akashusha sauti. "Na nitolee ile picha mwenzangu anacheka. Ile moja. Nyingine zote kajifunika mkono. Naanza kuusahau mdomo wake, unasikia? Juzi nimekaa mchana mzima natafuta mwanya ulikuwa mpana kiasi gani, sikuupata."

Nikasema, "Sawa, Bi Mkubwa." Nilisema haraka mno. Picha ile niliijua. Nilikuwamo.

Nililifungulia sanduku kwenye roshani yangu, ghorofa ya tatu, na hapa naomba nieleze jambo la kazi, kwa sababu najua wako wasomaji wenye sanduku kama hili chini ya kitanda au kwa marehemu fulani, na wanaogopa kuligusa. Usiogope. Kuvu ni kitu kichafu lakini si kitu kigumu. Vaa barakoa, korona imetufundisha. Vaa glavu. Fanya kazi nje, penye hewa. Na kosa ambalo kila mtu hulifanya, mimi nikiwa mmojawapo, ni kuchukua kitambaa na kufuta. Usifute karatasi iliyolowa. Nilifuta ukurasa wa kwanza wa daftari, na ile kuvu ya kijani ikasambaa kama kinyesi cha mtoto, ikameza mistari mitatu ya mwandiko wa Bi Mkubwa. Sijawahi kuona mistari ile tena.

Nikampigia yule mama wa maktaba. Alikuwa na sauti ya mtu asiyeshtuka. "Una friza?" akaniuliza. Baridi kali, alisema, huifanya kuvu ilale. Funga kila kitu kwenye mifuko ya plastiki, kigandishe, kisha utoe kidogo kidogo na kukausha bila haraka. Ikishakauka, ndipo unaipangusa kwa brashi laini, nje.

Friza yangu ilikuwa imejaa samaki na mboga za hofu, zile tulizonunua wote siku ya kwanza ya fungio. Niligawa samaki kwa majirani, nikiacha mifuko mlangoni na kukimbia, na mahali pao nikalaza historia ya gereji ya St Marys. Kwa wiki tatu nilifungua friza kutafuta sukuma wiki nikakutana na daftari. Nilipoteza hamu ya kula. Kila kitu kilinuka kwangu, hata mkate, hata mikono yangu baada ya kuoga.

Lakini daftari lilipokauka, nilianza kusoma, na kwa muda nilifarijika. Liliandikwa kwa miandiko mingi. "Mwanachama ameuliza kama inaruhusiwa kuomba kabla ya kula, na kwa dini gani. Imeamuliwa: kila mtu aombe kivyake, kwa ufupi, pilau inapoa." Mwaka ule ambao nchi nzima ilitumiwa bahasha kuulizwa kama watu wa jinsia moja waruhusiwe kuoana, daftari linaonyesha jinsi tulivyogawana mitaa, nani abishe hodi kwa Wakongomani wa Liverpool na nani azungumze na Wakenya wenzake wa kanisani. "Mwanachama amefukuzwa mlangoni na kurushiwa chai. Haikumpata. Amepewa pole na chai nyingine." Wengi wa majirani zetu waliandika hapana mwaka ule. Sisi tulibisha hodi hata hivyo. Hakuna mahali popote pengine palipoandikwa kwamba tulibisha.

Kisha nikafungua albamu.

Ilikuwa ile aina ya kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu. Kuvu ilikuwa imechora duara nyeusi pembeni mwa kila ukurasa, na mdudu mmoja wa rangi ya fedha, mwembamba kama kope, alikuwa amegandia kwenye plastiki. Hayo nilikuwa nimeshayazoea. Nisichokitarajia ni matundu. Kwenye ukurasa wa kwanza, watu sita kwenye viti vya plastiki, na wanne kati yao hawakuwa na nyuso. Ukurasa wa pili, wasichana watatu wameshikana viuno, na mahali pa kichwa cha katikati unaona kadibodi ya albamu. Nikafungua wa tatu, wa nne, wa tano. Mabega, shingo, kofia, hereni moja. Miili ya rafiki zangu, imekatwa vichwa.

Nilipandwa na hasira iliyokuwa imengoja siku nyingi. Nikampigia mpwa.

"Umezikata wewe?"

"Nimekata nini?"

"Nyuso! Kwenye albamu! Umekaa ukawakata watu nyuso!"

"We una wazimu." Nyuma yake nilisikia watoto wakifundishwa kwa kompyuta. "Mimi hilo sanduku nililisukuma kwa mguu, nisiliguse. Nipate wapi muda wa kukaa na mkasi? Mke yuko zamu hospitali, mimi hapa mwalimu wa darasa la kwanza na la tatu, nikate na picha?"

"Ni nani basi?"

"Waulize wenzako, kaka. Mimi nawaona wachafu, sikufichi. Lakini sijawaona kitu cha kukata."

Akakata simu. Nilimchukia zaidi kwa kuwa nilijua hasemi uongo.

Kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshafika ukurasa ninaoujua. Picha ilipigwa gerejini. Kushoto Bi Mkubwa, kulia mshonaji, katikati mimi, nimewakumbatia, shavu langu na la mshonaji yamegandana kwa kucheka. Mikono yake imenasa chini ya kwapa langu, kwa hiyo siku ile hakuweza kuufunika mdomo. Na pale penye kichwa changu pana tundu. Nadhifu, la mviringo, limekatwa kwa mkasi mdogo wa kucha, bila kutetemeka. Nilikuwa ninautumia mkasi ule kwa wazee wangu kazini.

Nililikata mimi. Nilikuwa nimeombwa kuongoza kwaya ya kanisa, na mtu fulani alikuwa ameanza kuzungusha picha za watu wa gereji kwenye simu, zikifika hadi kwa mama zao nyumbani. Nilikwenda St Marys siku ya kazi, nikamwambia Bi Mkubwa nimekumbuka zamani, natamani kuangalia picha. Akanikalisha gerejini na albamu, akasema, "Ngoja nikachemshe chai ya tangawizi," akaenda jikoni. Nikakata. Mashavu yetu yalikuwa yamegandana, nami nilikuwa na haraka, kwa hiyo niliondoka na nusu ya uso wa mshonaji. Kile kipande nilikitupa chooni, nikavuta maji, nikasimama kuhakikisha kimekwenda. Halafu nikanywa chai yao. Miaka yote hiyo niliamini ni mimi peke yangu niliyefanya hivyo.

Nikaanza kuyatazama yale matundu mengine, sasa kwa macho mengine. Moja limekatwa kwa wembe, kingo zake kali. Jingine limechanwa kwa vidole. Mtu mmoja alijisugua kwa kalamu nyeusi mpaka karatasi ikatoboka. Kila mmoja wetu alikwenda kwa wakati wake, akaomba albamu, akanyweshwa chai, akajiondoa, akamkumbatia mshonaji mlangoni. Kuvu haikuwa imegusa uso hata mmoja. Ilibaki pembeni.

Na niliwakumbuka waliomzika mshonaji. Kwenye mazishi yake, msoma wasifu alimtaja Bi Mkubwa mwisho kabisa, baada ya watu wa kazini, kama "mwenye nyumba aliyempangisha." Watu waliitikia kwa vichwa. Niliwaona wanafiki, nikawadharau. Lakini nilikuwa nimesimama mbele na kwaya yangu, na baada ya sentensi ile niliinua mkono, nikaanzisha wimbo.

Jumapili alasiri nilipiga simu ya video makaoni. Muuguzi mmoja wa Kinepali, mwenye ngao ya plastiki usoni, alimshikia Bi Mkubwa kompyuta. Alikuwa amepungua, lakini mtandio ulikuwa umenyooka.

"Umepata?"

"Daftari limepona, Bi Mkubwa. Kasoro ukurasa mmoja, niliuharibu mimi. Bango lina madoa, lakini mshono umeshika."

"Alishona kwa uzi wa viatu huyo. Picha je?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Niliyapoteza. Nikasema tu kwamba picha ipo, lakini nusu ya uso wa mwenzake haipo, kwamba niliikata mimi wakati anachemsha chai, kwamba kipande kimekwenda na maji ya choo, na hakirudi.

Bi Mkubwa alinitazama. Muuguzi, asiyejua neno hata moja, alitabasamu.

"Chai ya tangawizi inachukua muda gani kuchemka?" akaniuliza.

"Dakika kumi?"

"Nyie wote niliwachemshia nusu saa. Wewe unafikiri nilikuwa nafanya nini jikoni nusu saa nzima?"

"Ulijua."

"Nilisikia mkasi. Gereji na jikoni ni ukuta mmoja wa mbao. Mmoja alikata mpaka akavunja mkasi wangu, nikamsikia anatukana." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nilisema, wakate, almradi warudi kula. Wengine walirudi. Lakini albamu sikuifungua tena, sikujua wewe umemchukua na yeye. Hilo silisifu. Kama ningelijua ningekupiga na sufuria."

"Nisamehe, Bi Mkubwa."

"Ngoja kwanza. Ilete karibu na kamera."

Picha nilikuwa nimeibandua kwenye gundi kwa uzi wa kusafishia meno, nikiupitisha chini taratibu kama mtu anayekata jibini. Nikaisogeza.

"Karibu zaidi. Jicho naliona. Pua nusu. Meno?"

"Jino moja, la mbele."

"La kwake la kulia au la kushoto?"

Nikaangalia. "La kushoto. Na baada yake kuna giza kidogo, kabla ya mahali nilipokata."

"Hilo giza ndilo mwanya?"

"Ndiyo. Karibu wote umebaki. Nilikata kwenye ukingo wa jino la pili."

Alisogeza uso karibu na kompyuta. Aliinua kidole chake cha shahada na kile cha kati, akaviachanisha kidogo mbele ya kamera, akafunga jicho moja, akapima. Akavisogeza karibu zaidi. Akapima tena.

"Nilikuwa naukumbuka mpana mno," akasema. "Haya. Geuza nyuma. Una penseli?"

"Ninayo kalamu."

"Wino hupenya hadi upande wa pili. Chukua penseli, laini, usikandamize. Andika jina langu, na baba yangu, na Tanga. Andika lake, na Bukavu. Andika wenye nyumba, wote wawili, maana majina kwenye mkataba wa nyumba yalikuwa mawili. Asije mtu kuniita mpangishaji tena."

Nikaandika. Mkono wangu bado ulinuka kuvu, au nilidhani hivyo.

"Na huyo wa katikati," akasema, "mwenye tundu."

"Bi Mkubwa, mimi bado naongoza kwaya."

"Najua. Kila Jumapili mpwa wangu akinipigia nakusikia nyuma yake, kafungulia kwaya yenu mtandaoni; dini si yetu, lakini anaipenda sauti yako, hajui ni wewe. Yule mama wa maktaba ataliona tundu, atauliza ni nani. Unataka nimwambie ni panya?"

Nikalitazama tundu. Muuguzi alibadilisha mkono, kompyuta ikayumba, nikaona dari la chumba chake, kisha uso wake tena. Alikuwa amenyanyua vidole vyake viwili, anavitazama.

Nikachukua penseli, nikaandika nyuma ya picha, kwenye ukingo unaolizunguka tundu, majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti. Nafasi ilikuwa ndogo. Ilibidi niandike kwa mzunguko.